Takwimu za nyumba zishuke hadi mtaani

Mhariri,

Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa hapa Ujiji. Nikiwa na kishikwambi mkononi niliuliza kila kaya paa limeezekwa kwa nini, ukuta na sakafu ni vya nini, vyumba vya kulala vingapi, maji wanateka wapi, choo ni cha aina gani. Watu walinijibu kwa subira. Wengine waliniuliza majibu yao yatawasaidia nini, na swali hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Tumetangaziwa kwamba Manispaa ya Kigoma Ujiji ina watu 232,388. Ni jambo jema, lakini kwenye mkutano wa mtaa, likija suala la nyumba, bado tunabishana kwa kukisia. Dalali anasema vyumba hakuna, na ukipata, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo. Wakati huohuo, njia ninayopita kwenda shuleni ina nyumba za udongo zilizofungwa kufuli lenye kutu. Moja ukuta wake wa upande wa mvua umemeguka hadi fito zinaonekana, na kibao cha anwani ya makazi bado kimepigiliwa mlangoni. Nyingi ni za mirathi, warithi wako mbali na hawajaelewana. Jirani yake mama na watoto wake watano wanabanana chumba kimoja cha kupanga. Inauma.

Nyumba tupu ni ngapi hasa? Taarifa zipo, ila zimetawanyika. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na mita isiyonunua umeme mwaka mzima ni dalili nzito kwamba hapo hakuna mtu. Haitoshi peke yake, maana nyumba nyingi za udongo hazina umeme kabisa. Sensa nayo huhesabu waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa, lakini aliyesafiri usiku huo hajahama. Kwa hiyo zisomwe pamoja: sensa, anwani za makazi, LUKU na daftari la wakazi.

Siombi majina ya watu yaanikwe. Makarani tuliapa kutunza siri, na Sheria ya Takwimu inamlinda kila aliyehesabiwa. Naomba idadi tu, mtaa kwa mtaa: nyumba zinazokaliwa, zilizofungwa, mapagale, na zinazokaribia kuanguka. Ofisi ya Taifa ya Takwimu na manispaa yetu washirikiane, karatasi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya vikao vya bajeti, ili mwenyekiti awe na hoja ya kuwaita warithi na diwani asiseme hakujua.

Mwalimu, mkazi wa Kasingirima,
Ujiji, Kigoma