Mwanangu, ukiulizwa jibu

Mwanangu, hujambo huko Pemba? Sisi hapa Kwerekwe wazima, baba yako mgongo wake ule ule tu, mdogo wako anasema usisahau halua ya Wete.

Nimeisikiliza tena ile voisi yako ya juzi, unayosema mwenzio wa chumbani kakuuliza wakati mnapika futari, "hivi nyie Wakristo hamfungi?" na wewe ukacheka ukamuuliza sukari ipo. Nilicheka na mimi, halafu nikakaa nikawaza, maana mtoto wa watu kauliza vizuri tu, hakukutukana wala hakukutega, na mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeanza karibu siku moja kwa hivyo jibu ulikuwa nalo tumboni, si ulikuwa umefunga mwenyewe siku ile! Ungemwambia tu, tunafunga, siku arubaini kabla ya Pasaka, na mimi leo nimefunga, kwa sababu hii na hii. Basi. Huko ndo kushuhudia, nani kakwambia mpaka usimame juu ya benchi?

Najua unaogopa. Darasa zima Wakristo mko wawili watatu, unaona bora unyamaze usije ukaonekana unataka kubadilisha watu dini. Na woga wako una akili ndani yake, kwetu huku maneno ya dini yakisemwa ovyo yanagombanisha watu mpaka majirani. Kwa hivyo sikwambii ugawe vikaratasi dakhalia, wala usiingie kwenye ule ubishi wa aya kwa aya wa magrupu ya WhatsApp, pale hashindi mtu, wote wanatoka wamenuna. Na usije ukamsaidia mtu ada au chakula halafu ukamdai kanisa, hiyo mimi naiita biashara. Lakini uulizwe halafu ukimbie, hapana mwanangu. Petro katuambia tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza habari za tumaini letu, tena kwa upole, ila watu wanashika la kujibu huo upole wanauacha.

Halafu hilo la "dini ya wazungu" ambalo umesema linakufunga mdomo. Wewe uliyekulia kanisani kwetu Mkunazini, kwa Waanglikana, kila Jumapili! Kanisa lile lilianza kujengwa 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na ni pale pale sokoni. Wazungu walikuwepo, askofu Steere na wenziwe, sikatai, lakini waumini wengi walikuwa watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakalelewa na kusomeshwa Mbweni na Kiungani. Cecil Majaliwa alikuwa katika waliosomeshwa huko, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, na 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile ya Waanglikana. Msimulie mwenzio habari zake. Ila usimsimulie kwa kumsuta, yeye hakumuuza mtu, msimulie kama unavyosimulia habari za ukoo wako.

Na hao Wakristo wenyewe je? Wale wenzio waliotoka Bara, wengine kwao walikuwa wanakwaya, wamefika huko wameona kanisa mbali wakaacha kabisa, Jumapili ndo siku ya kufua. Anza na hao. Wagongee mlango asubuhi uwaambie twendeni, mwenye shida ya nauli ya daladala mlipie ukiwa nayo (hiyo si biashara, huyo ni ndugu yako), na mkirudi muwe na muda wenu wa kusali hata nusu saa, usingoje kiongozi atoke Unguja.

Pasaka ukija njoo na huyo mwenzio wa chumbani, kama mwenyewe anataka na wazee wake wameridhia. Kuku atachinja jirani yetu kama siku zote ili mgeni ale bila wasiwasi. Kanisani si lazima, akitaka kubaki atabaki na mdogo wako. Akiuliza kitu mezani mjibu wewe, mi ntanyamaza, na baba yako ntamkanyaga mguu maana yeye akianza hamalizi. Nauli ya boti yako nshaiweka, niambie mapema kama na yeye anakuja.

Mama yako