Somo, uliniuliza habari ya Haiti

Likoni, Mombasa
Jumapili usiku, 17 Agosti 2025

Somo yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo hii ya feri. Sote hatujambo, ila kusi limetushika na lile bati la jikoni linapiga kelele usiku kucha, unalijua. Shemeji msalimie. Mwambie ile halua aliyoniahidi Idi bado naisubiri.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Umeuliza jambo moja tu, tena kwa kicheko: "Nyinyi Wakenya, mahakama si iliwakataza kwenda Haiti? Sasa hao polisi wenu walifikaje?" Nilitaka kukujibu kwa sauti vilevile, nikaona simu itanizimikia mkononi. Heri niandike.

Na ujue kwamba kwangu mimi jambo hili si la magazetini tu. Jirani yangu, huyu tunayechangia ukuta, mwanawe ni polisi, na alichaguliwa kwa safari hiyo. Kila taarifa ya habari ilipotaja Haiti, mamake alikuwa mlangoni kwangu, leso begani, kwa kuwa mtaani hapa mimi ndiye mwalimu wa Historia na Serikali. Yeye hakuuliza kama unavyouliza wewe. Aliuliza, "Mwalimu, hasa hasa ni nani anayemtuma mwanangu?"

Nilidhani ni swali la dakika tano.

Mambo yalianza mwisho wa Julai 2023. Alfred Mutua, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alitangaza kwamba Kenya iko tayari kuongoza kikosi cha mataifa cha kuisaidia Haiti kupambana na magenge, na kutoa polisi 1,000. Wakati huo Bunge halijaulizwa, na hata Umoja wa Mataifa haujapiga kura. Lakini neno lilishatoka, na serikali ikishatamka mbele ya mataifa, kulimeza tena neno hilo ni aibu. Tarehe 2 Oktoba Baraza la Usalama la Umoja huo likapitisha azimio 2699 kwa kura 13, Urusi na Uchina zikijizuia kupiga kura. Jirani akaja mbio: "Kumbe ni Umoja wa Mataifa!" Nikamwambia sivyo. Azimio linatoa ruhusa, halimtumi mtu. Hata kikosi chenyewe hakikuwa cha Umoja wa Mataifa, kilitegemea michango ya hiari ya nchi zenye fedha.

Wiki haikuisha, Ekuru Aukot akawa mahakamani. Unamkumbuka? Aliwahi kuwania urais, na kabla ya hapo alikuwa mkurugenzi katika ile kamati ya wataalamu iliyoandaa katiba yetu ya 2010. Mtu aliyeshika kalamu wakati wa kuandika huwezi kumdanganya kwa urahisi kilichoandikwa. Tarehe 9 Oktoba Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akasimamisha safari mpaka kesi isikizwe.

Sasa somo, hapa ndipo panaponoga. Kifungu cha 240 cha katiba (nyinyi Watanzania mnaita ibara) kinasema Baraza la Usalama wa Kitaifa, ambalo mwenyekiti wake ni Rais, linaweza kupeleka vikosi vya taifa nje ya nchi kusaidia kulinda amani, mradi Bunge likubali. Serikali ikakisoma na kuridhika. Baraza limeamua, tarehe 16 Novemba Bunge la Kitaifa likakubali huku amri ya mahakama ikiwa bado ipo, basi nini tena?

Jaji akasoma neno ambalo wengi tulilipita: vikosi. Katika hukumu yake ya 26 Januari 2024 akasema vikosi vinavyotajwa pale ni majeshi. Polisi si kikosi, ni huduma, na ni katiba hiyohiyo ya 2010 iliyowabadilisha jina. Kwa hivyo baraza lile, hata likiwa na mawaziri na majenerali wote mezani, halina uwezo wa kumpeleka polisi mmoja nje ya mpaka. Polisi wana njia yao, iko katika sheria yao ya 2011: Rais anaweza kuwapeleka katika nchi iliyoomba, ila lazima nchi hiyo iwe na makubaliano ya kusaidiana na Kenya. Na Haiti wakati ule haikuwa nayo.

Watu walishangilia kana kwamba safari imekufa. Mimi niliposoma hukumu niliona mlango mmoja umefungwa na mwingine umeonyeshwa kwa kidole. Jaji hakusema "msiende kamwe." Alisema hamna karatasi. Serikali inajua kutafuta karatasi, somo. Tarehe 1 Machi 2024 makubaliano yakasainiwa Nairobi, Ruto na waziri mkuu wa Haiti, Ariel Henry, wakishuhudia.

Kilichofuata huwa nawasimulia wanafunzi na hawaamini. Henry alisafiri kuja kwetu kutafuta karatasi ya kuleta polisi watakaotuliza magenge, na magenge yakatumia nafasi hiyohiyo kushambulia uwanja wa ndege wa nyumbani kwake. Akashindwa kurudi. Akaishia Puerto Rico, na kabla wiki mbili hazijatimia akatangaza kwamba atajiuzulu. Hakuchaguliwa na wananchi tangu mwanzo. Aliingia 2021 baada ya Rais Jovenel Moïse kuuawa. Basi mimi hujiuliza: mahakama ilidai mkataba wa nchi mbili, na mkataba ukaja, lakini upande wa pili wa meza alikuwa nani?

Serikali ikasubiri hadi Haiti ilipopata baraza la mpito mwezi wa Aprili. Tarehe 25 Juni polisi 400 wa kwanza wakatua Port-au-Prince. Tarehe hiyo huwezi kuisahau, kwa sababu ulinipigia simu usiku ukilia: ndiyo siku vijana walipoingia Bunge letu kwa ajili ya Mswada wa Fedha, watu wakapigwa risasi, na jioni jeshi likatolewa kambini. Miezi kadhaa tulibishana mahakamani nani ni wa ndani na nani ni wa nje, na siku moja tukawa na polisi Karibi na wanajeshi katika mitaa ya Nairobi.

Ukinibana nikupe jibu la swali la jirani, nitasema ni Rais. Wengine wote niliokutajia wana uwezo wa kweli, sikatai. Kutoka tangazo la Mutua hadi ndege kutua ilipita karibu miezi kumi na moja, na sehemu kubwa ni kwa sababu jaji mmoja alisoma neno kwa makini. Lakini wote walikuja baada ya neno kutoka. Rais anaanza safari, wao wanakagua tiketi. Bunge hasa lilinivunja moyo. Lilipewa nafasi ya kuuliza, likaharakisha kukubali, na kosa ambalo lingepaswa kuonwa pale likaja kuonwa na mwingine.

Wakati mwingine anayekagua si hata Bunge wala mahakama, ni mtumishi wa ofisi. Unakumbuka Septemba 2022? Ruto ameapishwa jana yake, akakutana na waziri wa Moroko, mara ikatokea kwenye Twitter kwamba Kenya imeacha kuitambua Jamhuri ya Sahrawi, ile inayodai uhuru wa Sahara Magharibi ambayo Moroko inasema ni yake. Sera ya miaka, kwa maneno ya kujaa kiganja! Ujumbe ukafutwa. Siku chache baadaye ikasikika barua ya katibu wa wizara, Macharia Kamau, kwamba msimamo wa Kenya haujabadilika, na kwamba nchi hii haiendeshi sera yake ya nje kwenye Twitter. Niliibandika ukutani darasani. Mei mwaka huu nimeibandua. Mudavadi, waziri wetu wa mambo ya nje, amekwenda Rabat, na Kenya sasa inaunga mkono mpango wa Moroko juu ya Sahara Magharibi. Safari hii yalipita njia ya kawaida, kwa tamko la pamoja. Rais alisubiri tu.

Lakini usinicheke sana, nawe mna yenu. Huku kwetu wanaovutana ni mihimili ya serikali moja. Nyinyi mnavutana serikali mbili. Marehemu babako alikuwa akitusimulia pale barazani Mkunazini jinsi Zanzibar ya Komandoo, Rais Salmin Amour, ilivyojiunga na OIC, ile jumuiya ya nchi za Kiislamu, mwisho wa 1992, na Bara walipojua ikawa moto, kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano tangu hati za 1964. Kamati ya Bunge ikasema katiba imevunjwa, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Mzee alisisitiza kwamba mvutano huo si wa jana. Zanzibar iliingia kwenye Muungano ikiwa na ubalozi wa Ujerumani ya Mashariki, na ubalozi huo ulimpa Nyerere kichwa kuuma hadi 1965, Bonn, yaani Ujerumani ya Magharibi isiyotaka mwenzake wa Mashariki atambuliwe, ikaondoa msaada wa kijeshi, naye akawaambia wachukue na mwingine uliobaki. Mimi nilikuwa nikisikiliza kahawa na kashata zaidi kuliko yeye. Leo ningempa nini anisimulie upya!

Na unisaidie hili: makubaliano yenu ya bandari na Dubai, Bunge liliyaridhia Juni 2023, yakaenda Mahakama Kuu Mbeya, na Agosti mahakama ikatupa kesi. Wewe uliifuatilia kuliko mimi. Niandikie majaji walisema nini hasa juu ya nguvu za Bunge kwenye mikataba, maana wanafunzi wangu wananiuliza kwa nini kwenu lilipita na kwetu likakwama.

Yule kijana hakwenda na kundi la kwanza, alikwenda baadaye. Hupiga simu ya video Ijumaa, na mamake huleta simu kwangu nimuone kama amekonda. Swali lake siku hizi limegeuka: nani atakayemrudisha? Juzi nikatoa tena makaratasi. Nimemwonyesha kwamba ruhusa ya Baraza la Usalama inaisha tarehe 2 Oktoba 2025. Akaniambia nimwandikie tarehe hiyo nyuma ya kalenda ya duka, kwa kalamu nyekundu, na chini yake niache nafasi, kwa sababu wanaweza kuiongeza.

Wasalimie watoto wote.

Somo yako,
Zuhura wa Likoni