Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma Mweka Hazina, na marekebisho ya katiba yana ajenda yake. Mimi naomba nizungumzie jambo ambalo wengi mmenipigia simu kuliulizia tangu Oktoba: dawa ya kuongeza progranulini, protini inayolinda seli za ubongo.

Wengi wetu tunauguza wazazi wa umri mkubwa wenye demenshia, maradhi ya ubongo yanayodhoofisha akili. Lakini wamo kati yetu wanaomuuguza mume au dada ambaye hata kustaafu bado. Hakuanza kwa kusahau. Alianza kwa kukosa haya, kutapanya fedha, kutoguswa na msiba wala harusi, na majirani wakasema kalogwa au kazidisha pombe. Hii ni demenshia inayoanzia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, mara nyingi kati ya miaka 45 na 65. Katika baadhi ya koo inarithiwa.

Mwaka 2006 watafiti wa Antwerp, Ubelgiji, na wenzao wa Mayo Clinic, Florida, walionyesha chanzo kimojawapo: hitilafu katika jeni ya GRN, iliyo kwenye kromosomu ya 17. Jeni hiyo ndiyo inayotuwezesha kutengeneza progranulini. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Moja ikiharibika, protini hushuka hadi nusu au chini ya hapo. Mtoto wa mwenye hitilafu, wa kike kwa wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi.

Hata hivyo GRN haiko peke yake. Jeni ya SORT1 hutengeneza sotilini, ambayo huinasa progranulini nje ya seli na kuipeleka kwenye lisosomu, mahali seli inapovunjavunja taka zake. Jeni nyingine, TMEM106B, ina aina inayowakinga baadhi ya wenye hitilafu ya GRN. Mimi tumaini langu kubwa liko hapa: ikiwa mwili wenyewe una njia ya kumkinga mtu aliyerithi hitilafu, njia hiyo inaweza kutafutwa na kuigwa.

Kampuni ya Alector ya Marekani ilijaribu kuizuia sotilini kwa dawa iitwayo latozinemab, ili progranulini isinaswe bali iongezeke. Oktoba mwaka huu ikatangaza matokeo: progranulini ilipanda, lakini ugonjwa haukupunguza kasi. Habari hiyo iliniuma, maana najua ni nani miongoni mwetu waliokuwa wakiisubiri. Kuna swali kama protini iliongezeka nje ya seli bila kufika ndani inakohitajika, mfano wa tanki lililojaa huku bomba la jikoni halitoi maji. Watafiti wengine wanajaribu kuingiza nakala nzima ya jeni ya GRN, na kazi hiyo inaendelea.

Basi nawasihi, asitokee mwanachama wa kuuza mbuzi anunue vidonge vya mitandaoni vya “kuongeza protini ya ubongo”. Wala msiwapime watoto hitilafu hiyo ya jeni. Mtu mzima asiye na dalili ataamua mwenyewe, akishapata ushauri wa daktari.

Tunachoweza kufanya sasa ni kuandika historia za koo zetu: nani aliugua, akiwa na umri gani, dalili gani ilitangulia. Daktari akiwa na maelezo hayo hataishia kusema ni msongo wa mawazo. Fomu ziko kwa Katibu, na kila familia itakaa na yake.

Mwenyekiti