Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mitihani: karatasi za majibu ya lugha zisiteketezwe kabla watafiti hawajazisoma

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu karatasi za majibu za mtihani wa lugha ya pili. Matokeo yakishatangazwa na muda wa rufaa ukapita, karatasi hizo hukaa stoo kwa muda uliopangwa, kisha huteketezwa. Naomba utaratibu huo ubadilike. Sehemu ya karatasi hizo, zikishaondolewa majina na namba za watahiniwa, ihifadhiwe na ifunguliwe kwa watafiti wa ujifunzaji wa lugha. Mimi ni mwalimu wa lugha na pia ni msahihishaji, na jambo hili limenikera kwa muda mrefu. Ushahidi wa namna watu wanavyojifunza lugha umejaa kwenye stoo za mitihani, na karibu wote unaishia kuwa majivu.

Tuanze na kile msahihishaji anachokiona mezani. Chukua watahiniwa watatu wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya pili. Wa kwanza ameandika "kijana huyu". Wa pili ameandika "kijana hiki". Wa tatu naye ameandika "kijana huyu". Mwongozo wa kusahihisha hauna mjadala: alama, sifuri, alama. Tunajumlisha na kufungua karatasi inayofuata.

Sasa waulize hao hao kuhusu kiti. Yule wa kwanza huenda akasema "kiti huyu", kwa sababu "huyu" ndilo neno pekee alilo nalo. Kwenye "kijana huyu" alipatia kwa bahati. Wa pili atasema "kiti hiki", kwani ameshagundua kwamba nomino zinazoanza na ki- zina upatanisho wao, ila ameivusha kanuni hadi pasipo pake. Wa tatu amevuka hapo na kujua kwamba nomino za viumbe hai hufuata upatanisho wa m-wa hata kama umbo lake linaanza na ki-. Kwa hiyo aliyepewa sifuri yuko mbele ya mmoja wa waliopewa alama. Karatasi ingeweza kutuonyesha hilo, maana mtahiniwa huyo huyo ameandika nomino nyingine kumi na zaidi katika insha yake. Lakini msahihishaji halipwi kulinganisha nomino, na muda wenyewe hana.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1967 mwanaisimu S. Pit Corder alieleza kwamba makosa ya mwanafunzi ni dalili ya mfumo anaoujenga kichwani, na kwamba mfumo huo una mpangilio wake usiolingana na muhtasari wa mwalimu. Mwaka 1972 mwanaisimu mwenzake Larry Selinker akaeleza hali hiyo ya katikati, ambayo si lugha mama ya mwanafunzi wala si lugha anayojifunza, kuwa mfumo unaojitegemea na unaostahili kuchunguzwa wenyewe. Watoto wanaokulia kwenye Kiingereza husema "went", halafu wakishaikamata kanuni ya wakati uliopita husema "goed", kisha hurudi kwenye "went". Mtihani unaohesabu sahihi na kosa tu ungesema mtoto huyo amefaulu, akafeli, kisha akafaulu tena, wakati kwa kweli hakuacha kupiga hatua hata siku moja.

Sisi wa upande wa mitihani tumejishughulisha na maswali mengine. Je, wasahihishaji wawili watakubaliana? Je, mtihani wa mwaka huu una ugumu sawa na wa mwaka jana? Ni maswali ya lazima na sitaki yaachwe. Wenzetu wa ujifunzaji wa lugha nao mara nyingi wamefanya kazi na makundi madogo ya wanafunzi, kwa sababu data ni ghali kukusanya. Ni hivi majuzi tu pande hizi mbili zilipoanza kukaa meza moja kwa makusudi. Mtandao wa watafiti wa Ulaya uitwao SLATE, ulioanza mwaka 2006, uliundwa kwa kazi hiyo hasa.

Na panapokuwa na karatasi za mitihani, mambo hubadilika. Nitakupa mfano mmoja ambao kwangu unatosha kuwa hoja yote. Mwaka 1974 watafiti Heidi Dulay na Marina Burt walilinganisha watoto wazungumzaji wa Kihispania na wa Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza, wakakuta kwamba mpangilio wa kumudu viambishi na maneno madogo ya kisarufi ulifanana sana. Kwa miongo kadhaa jambo hilo likasomwa vyuoni kama kanuni: lugha mama haibadilishi sana mpangilio huo. Kisha mwaka 2016 watafiti Akira Murakami na Theodora Alexopoulou walichapisha uchunguzi wa karatasi za mitihani ya Kiingereza zipatazo 10,000 kutoka kwa wazungumzaji wa lugha mama saba. Lugha mama ilionekana kuwa na athari ya wazi. Wale ambao lugha yao haina vibainishi kama "a" na "the", mfano Kijapani au Kirusi, walichelewa kuvimudu kuliko wale ambao lugha yao inavyo. Karatasi hizo zilitoka kwenye hazina ya mitihani ya Cambridge iliyoanza kukusanywa mwaka 1993. Kama zingeteketezwa, pengine hadi leo tungekuwa tunafundishana jambo ambalo ni nusu ya ukweli.

Hazina hiyo haikubaki kwa wenye mtihani peke yao. Mwaka 2011 karatasi 1,244 kati ya hizo zilitolewa kwa watafiti wa nje, makosa yakiwa yamewekewa alama. Taasisi ya mitihani ya ETS ya Marekani nayo ilitoa insha 12,100 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha hiyo, kutoka kwa wazungumzaji wa lugha 11. Huko Finland, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä walichukua maandishi ya watu wazima kutoka kwenye mtihani wa taifa wa lugha, wakayaweka pamoja na ya wanafunzi wa shule, ili kuona ni sarufi gani hasa inayojitokeza katika kila ngazi ya umahiri. Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Ngazi sita za Baraza la Ulaya zilizochapishwa mwaka 2001, A1 hadi C2, ambazo leo zinaamua nani apate viza na nani aingie chuo, zilipangwa kwa kutumia tathmini za walimu juu ya ugumu wa maelezo ya kila ngazi. Hazikutokana na kuwafuatilia wanafunzi hatua kwa hatua. Mtu anaweza kunyimwa nafasi kwa ngazi ambayo bado hatujaeleza vizuri lugha ya aliyeifikia ikoje.

Najua hofu zilizopo. Faragha ya mtahiniwa ni ya kweli: jina na namba kuondolewa hakutoshi, kwa sababu watu hujitaja wenyewe, familia zao na shule zao ndani ya insha. Karatasi inabidi isomwe na mtu kabla ya kutoka, na fomu ya usajili iwe na mahali pa kukubali au kukataa, bila kukataa huko kugusa matokeo. Maswali yanayoweza kurudiwa yabaki kwenu. Kuna hofu nyingine isiyosemwa kwa sauti, kwamba watafiti watakuta alama zilizotolewa vibaya. Watazikuta. Msahihishaji yeyote mkweli anajua hivyo, na mimi ni heri wazikute wao kwa utulivu kuliko kukutwa na wakili wa mtahiniwa.

Ninachoomba kwa mtihani ujao ni vitu vichache. Zichukuliwe karatasi kutoka kila daraja la ufaulu, si zile bora tu, maana mengi ya kujifunza yamo katikati na chini. Ziandikwe kwenye kompyuta kama zilivyo, kosa kwa kosa, pasiwe na karani atakayejipa kazi ya kuzinyoosha. Alama za kila msahihishaji ziambatane na karatasi, pamoja na swali lenyewe. Na fomu ya usajili iongezewe maswali mawili ambayo leo haina: lugha uliyoanza nayo nyumbani ni ipi, na umejifunza lugha hii kwa miaka mingapi. Bila la kwanza hatutaweza kutenganisha kosa linalotoka kwenye lugha mama na kosa ambalo kila mwanafunzi hulipitia. Bila la pili hatutajua nani anakwenda haraka na nani amekwama.

Fomu za usajili huchapishwa miezi mingi kabla ya mtihani, kwa hiyo maswali hayo mawili ndiyo yanayohitaji uamuzi wako kwanza. Mengine yanaweza kusubiri hadi karatasi zirudi kutoka kwa wasahihishaji.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa lugha na msahihishaji