Barua kwa mwanangu: kuhusu ile alama nyekundu

Bukavu, Jumatano jioni

Mwanangu,

Picha uliyotuma nimeipata, ule mti wa ukoo ambao programu yako ya kompyuta imeweka alama nyekundu ya kosa kando ya jina la babu yangu. Mama yako aliitazama akaangua kicheko: "Kumbe mzee alizikwa miezi miwili kabla ya kufa!" Wewe unaniuliza ufute tarehe ipi. Usifute hata moja kwanza.

Jana nilirudi parokiani. Sekretari akanitolea kile kitabu cha wafu ulichokipiga picha mwaka jana, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai ya rangi. Mahali ulipoandika 16/7/1948, padri mwenyewe ameandika hivi: "16 7bre 1948". Uliona saba ukadhani ni mwezi wa saba. Hapana, hiyo ni "septembre". Wazungu wa zamani walioandika Kifaransa walizoea kufupisha hivyo, maana "septem" kwa Kilatini ni saba, na Warumi wa kale walianza kuhesabu mwaka kwa Machi. Kwa hiyo ukikuta 8bre ujue ni Oktoba, 9bre ni Novemba, na 10bre au Xbre ni Desemba. Rudia majina yote uliyoyanakili kwenye kitabu kile, naona bila shaka kuna wengine uliowazika mapema.

Basi karatasi ya shamba la kahawa inasema alikufa 14/9/1948, na padri anasema alizikwa siku ya 16. Hakuna ugomvi hapo. Ila angalia programu yako inavyosoma tarehe, maana zile za Marekani hutanguliza mwezi, na 5/3 ya kwetu inageuka kuwa mwezi wa tano bila kukuuliza.

Kutoka parokiani nilimpitia shangazi yangu kule Kadutu. Alikuwa mtoto wa miaka minane baba yake alipokufa. Sikumtajia tarehe yoyote, nawe usimtajie mzee tarehe kabla hajasema, kwa sababu atakukubalia kwa adabu tu. Nilimwuliza siku ile ilikuwaje. Akaacha kuchambua sombe, yale majani ya muhogo, akatazama mikono yake. "Tulikuwa tunateleza," akasema. "Waliobeba machela walivua viatu, udongo ulikuwa umelowa. Mama alikuwa bado ana mbegu za maharage kwenye kitenge, alikuwa ametoka kupanda." Mwanangu, Julai huku kwetu ni vumbi tupu, unaijua mwenyewe. Mvua inarudi Septemba, na ndipo watu wanapanda maharage. Akaongeza kwamba ilikuwa Alhamisi. Nimehesabu kalenda: tarehe 16 Septemba 1948 ilikuwa Alhamisi, na 16 Julai ilikuwa Ijumaa.

Kuhusu msalaba wa kaburi la babu ulioandikwa 1949, usihangaike. Ule wa saruji uliwekwa mwaka uliofuata, siku ya kumaliza matanga, na aliyeandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi aliandika mwaka wa kazi yake. Uweke kwenye maelezo kama mwaka wa msalaba.

Sasa nikuambie la baba yangu, ambalo programu haikulipigia alama yoyote. Cheti cha komine, ile ofisi ya serikali ya mtaa, kinasema alikufa tarehe 21 Machi 2009, na kaburi linasema alizikwa 21 Machi 2009. Vinafuatana vizuri, ndiyo maana hukuuliza. Lakini si kweli. Baba alikufa tarehe 12. Hospitali ilizuia mwili hadi tumalize deni, na sisi tukazunguka siku tisa kwa ndugu na marafiki tukichanga. Wiki iliyofuata maziko nilikwenda komine. Karani akauliza, "Tarehe?", bila kuinua macho. Nilikuwa sijalala vizuri tangu kilio kianze, na tarehe iliyokuwa kichwani mwangu ni ile ya kaburi. Nikaitaja. Akaandika, akapiga muhuri. Nilipoligundua nilikuwa tayari nimefika nyumbani, nikaona aibu kurudi.

Kwa hiyo kosa ni langu, si la karani. Andika cheti kinavyosema, kisha chini yake andika kwamba mtoto wake aliyetoa habari anasema ni 12, na uweke tarehe ya barua hii. Usinifiche jina kwa kunionea huruma. Atakayekuja baada yako akikuta tarehe mbili bila kujua zimetoka kwa nani, atachagua ile yenye muhuri.

Uangalie pia jina lake. Kabla ya mwaka 1972 utamkuta kwa jina la ubatizo, na baada ya Rais Mobutu kuyakataza majina hayo utamkuta kwa jina la ukoo peke yake. Ni mtu yule yule, usimgawe wawili.

Jumamosi nitapanda makaburini na ndoo ya maji na brashi laini ya nguo, maana ile ya chuma inakula maandishi. Nitangoja hadi jua liinamie upande, au nitamulika tochi kwa ubavu ili mikwaruzo ya msumari itoe kivuli. Nadhani chini ya 1949 kuna herufi mbili za aliyeuchonga msalaba. Nikizisoma nitakutumia picha usiku huohuo, umeme ukiwepo.

Baba yako