Nyama choma ya Jumapili tumeihamisha kutoka baa

Hamjambo wapendwa. Wengi mmeuliza kama watoto waje. Waje! Ila si kwenye ile baa: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia panaponywewa pombe. Hata ingeruhusu, sioni raha ya mtoto kusinzia kwenye kiti cha plastiki huku spika ikimngurumia sikioni.

1. Tukutane kwa mweka hazina, saa saba mchana.
2. Mchango ni Sh800 kwa mtu mzima, watoto bure. Tumeni kwa M-Pesa kufikia Ijumaa jioni. Mbuzi hauzwi kwa deni.
3. Mama Brian, kachumbari. Baba Shiru, makaa.

Wa bia mtajipanga jioni, watoto wakishafika nyumbani.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi usiku: unakuja, na watoto wangapi?