Kata utepe kwanza, Mama Neema

Bukavu, Jumapili jioni

Mama Neema, ndugu yangu,

Jambo sana. Muko aje huko Goma, wewe na watoto? Sisi tuko, Mungu anasaidia. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka tu, jinsi ulivyomwiga yule kijana wa dukani! Mara ya pili nikasikia vizuri kwamba unataka kutoa pesa ya betri ya gari ili uwashe taa za utepe, zile taa ndogo za LED zilizopangwa kwenye ukanda mrefu, hapo unaposhonea usiku. Nikasema hapana, hili sijibu kwa simu. Sauti utaifuta, barua utaibandika ukutani karibu na cherehani.

Usinunue betri bado. Chukua mkasi.

Ngoja nikusimulie aibu yangu. Unajua jioni nakaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na ndizi pale kwetu, watu wanaporudi kutoka mjini, na unajua umeme wetu: unakuja saa sita za usiku wakati hakuna anayeuhitaji. Mshumaa unazimwa na upepo wa ziwa, taa ya mafuta inatia harufu kwenye samaki. Basi nikanunua sokoni Kadutu roli nzima ya utepe, mita 5, ule mnene wenye taa 60 kila mita. Shemeji akanipa betri ya pikipiki, volti 12, ampea-saa 7 (ndicho kiasi cha umeme inachobeba). Tukauzungusha utepe wote chini ya mabati. Mama wee! Watu walisimama njiani. Nilijiona nina hoteli. Hiyo ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Saa moja na robo taa zikaanza kufifia, na haukupita muda tulikuwa gizani, mafuta yanachemka, mteja ananyoosha mkono haoni sahani iko wapi.

Kesho yake tukaichaji, mambo yakawa yale yale. Baada ya wiki mbili betri haikuweza hata dakika kumi. Nikamtukana aliyeitengeneza, nikamtukana shemeji kimoyomoyo, na nikaanza kuweka akiba ya kununua kubwa zaidi, kama wewe sasa.

Aliyeniokoa ni fundi wa redio wa pale kona. Alikuja kula, akaniona ninanung'unika, akarudi na testa yake. Akapima: karibu ampea 6. Akanionyesha maandishi madogo kwenye roli ambayo mimi sikuwahi kuyasoma: wati 14.4 kwa mita. Mita tano ni wati 72, gawa kwa volti 12, ni ampea 6. Akasema, “Mama, umeleta ng'ombe watano kwenye ndoo moja ya maji.” Na hiyo ampea-saa 7 iliyoandikwa kwenye betri hupimwa ikitumika polepole, kwa saa nyingi. Ukiikamua kwa haraka inakupa pungufu. Tena betri ya risasi, kama hiyo ya pikipiki au ya gari, haitaki kushushwa chini ya nusu. Ukiimaliza kabisa kila usiku na kuiacha hivyo, ndani yake panaota chumvi ngumu ya risasi ambayo chaja haiwezi tena kuiyeyusha. Mimi niliiua mwenyewe.

Tukakata. Mita moja tu, nikaifunga kwenye ubao juu ya karai, kimo cha mkono. Mita moja ya ule utepe mnene hula ampea 1.2. Nusu ya betri mpya ya ukubwa ule ule ni ampea-saa 3.5, kwa hiyo napata karibu saa tatu, na saa tatu ndiyo kazi yangu yote. Na utashangaa: naona samaki vizuri kuliko siku ile ya hoteli. Zile mita tano zilikuwa zinamulika mabati.

Sasa wewe. Unashona suti nyeusi kwa uzi mweusi, unataka mwanga ufike kwenye sindano. Ukuta haushonwi. Tafuta utepe mwembamba wenye taa ndogo, ulioandikwa wati 4.8 kwa mita. Kata sentimita 30, ubandike chini ya mkono wa cherehani, upande wa sindano. Hizo ni taa 18. Zinakula ampea 0.12 tu. Kwa nusu ya betri ndogo kama yangu utapata karibu saa 29. Ukishona saa nne kila usiku, ni wiki nzima bila kuchaji. Linganisha na betri ya gari uliyotaka kubeba ngazini, na mgongo wako ninaujua.

Kukata kwenyewe ndiko kunakotaka macho. Utaona kila baada ya taa tatu kuna mstari mwembamba, na pande zake mbili vidoa vya shaba vinavyong'aa. Hapo tu, katikati ya vidoa. Taa tatu zimefungwa kwa mfuatano pamoja na rezista yao, kile kidude cha kupunguza umeme, ukikata katikati yao zote tatu zinakufa. Kwenye kidoa chenye alama ya kujumlisha unalehemu waya mwekundu, kwenye cha kutoa mweusi. Ukikosea na kugeuza hazitawaka, geuza tena. Vile vibanio vya plastiki wanavyouza pamoja na roli mimi sivipendi, vinalegea, halafu unashinda unavigonga kwa kidole kama redio ya babu.

Jambo ambalo sikulijua na lilinigharimu: utepe hauna adabu ya kukuambia betri imechoka. Zile taa tatu zikipata volti 9 na kidogo tayari zinawaka, hafifu, lakini zinawaka. Betri ya volti 12 ikifika huko ilishaharibika zamani. Kwa hiyo usingoje giza. Nunua kale kasaa kadogo ka kuonyesha volti, kanabandikwa juu ya betri. Ikiwa imepumzika, betri iliyojaa inaonyesha kama 12.7. Ikishuka kwenye 12.2 uko nusu, zima, nenda ukalale.

Umesema jirani yako ana paneli ya jua na atakuruhusu uchaji kwake. Vizuri, lakini utepe uuchomoe wakati wa kuchaji. Betri ikichajiwa hupanda hadi volti 14.4, na kwa utepe hizo volti mbili na kitu si ndogo, umeme unaopita kwenye taa unaweza kufika karibu mara mbili. Gundi inalainika, utepe unadondoka juu ya kitambaa cha mteja. Na asikudanganye mtu uufunge moja kwa moja kwenye paneli: paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa juani bila mzigo, inapita 20.

Kuhusu fyuzi, kale kawaya kanakokatika umeme ukizidi, sitaki ubishi. Betri ndogo kama hiyo ni pole ukiiangalia, lakini nyaya zake mbili zikigusana inatoa umeme wa kuyeyusha waya kabla hujasema jina la mtoto. Mimi nilifundishwa na mvuvi anayeniletea sambaza. Unajua zamani walikuwa wanavua kwa karabai za mafuta. Sasa wengi wana taa za LED na betri, na usiku ukisimama huku juu unaziona ziwani kama mji mwingine. (Isipokuwa mwezi ukiwa mpevu, hapo samaki hawafuati taa na mimi nauza ndizi peke yake.) Waya wake uliwahi kuchubuka kwenye mti wa mtumbwi, ukashika moto, na yeye yuko katikati ya maji. Tangu hapo fyuzi kwake ni kama nguo. Wewe weka ya ampea 1 kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri. Uko kwenye nyumba ya mbao iliyojaa vitambaa.

Zile betri za kompyuta kuukuu ambazo yule kijana anakuuzia, si mbaya. Ni nyepesi, tatu kwa mfuatano zinatoa volti 12.6 zikiwa zimejaa. Lakini bila kibao cha kuzilinda, na bila chaja yake yenyewe ya volti 12.6, usizilaze ndani. Usizipeleke kabisa kwenye chaja ya betri ya risasi. Betri kavu nane za tochi pia zinafika volti 12 na kwa sentimita 30 zitakufaa usiku kadhaa, ila utakuwa mteja wa duka maisha yako yote. Ile ya mraba ya volti 9 aliyojaribu Neema, mwambie airudishe kwenye kitu alichoing'oa.

Mama mmoja wa kanisani anapanda boti Alhamisi, nimempa bahasha. Ndani kuna sentimita 30 za utepe mwembamba, nyaya nimeshalehemu, na fyuzi mbili, maana ya kwanza utaiunguza ukijaribu, najua mikono yako. Taa tatu za mwishoni haziwaki. Hizo ni zangu, nilikata bila miwani. Nimekuongezea kipande cha taa tatu pembeni, mpe fundi akuungie.

Nisalimie watoto. Gauni langu la kitenge lile la mwezi wa nne, sijasahau.

Wako,
Mama Amani